Shajara ya mradi: stoo, sufuria na sahani za shule yetu

Mei: kwa nini tumeanzia stoo

Shule yetu ni ya msingi, ya kutwa, katika kata mojawapo ya wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma. Watoto hunywa uji saa nne asubuhi na hula saa saba mchana, makande siku nyingi, ugali na maharage siku nyingine. Chakula chote hutoka kwa wazazi. Kila kaya huleta mahindi kwa debe, maharage kwa kilo, na fedha kidogo ya mafuta, chumvi na posho ya wapishi. Mimi nafundisha sayansi na ndiye mwalimu wa chakula. Kamati ya shule imenipa kazi ya kusimamia mradi wenye lengo moja: chakula hicho kisimdhuru mtoto yeyote. Nitaandika kadiri kazi inavyokwenda, kwa ajili ya walimu wenzangu waliopewa jukumu kama langu.

Kwenye kikao cha kwanza wajumbe wengi walitaka fedha ya mradi iende kwenye jiko banifu. Wana haki ya kulitaka. Moshi unawaumiza wapishi macho na vifua, na kuni zimekuwa za shida. Lakini niliomba jiko lisubiri, stoo itangulie, na sababu ni msiba uliotupata wenyewe. Mwaka 2016, kuanzia Juni, watu wa Kondoa, Chemba na majirani zetu wa Kiteto mkoani Manyara walianza kuugua ugonjwa ambao hakuna aliyeuelewa mwanzoni: macho ya manjano, tumbo kuuma na kuvimba, kutapika. Walioripotiwa kuugua walifika 68, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu (ukungu), kwenye mahindi. Kenya ilikwishapitia hayo mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani: wagonjwa 317, vifo 125.

Niliwaambia wajumbe jambo moja wakanyamaza kulifikiria. Mahindi yale yalipikwa. Ugali ulisongwa ukaiva, ukaliwa wa moto. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, na sumukuvu huhimili zaidi ya nyuzi 200. Hakuna jiko la shule, liwe la mafiga matatu au la gesi, linaloweza kulisafisha gunia lililoharibikia shambani au stoo. Shirika la Afya Duniani lina kanuni tano za chakula salama zilizoanza kubandikwa ukutani tangu 2001: usafi, kutenganisha vibichi na vilivyopikwa, kupika vizuri, kutunza chakula kwenye joto salama, na mwisho kutumia maji na malighafi salama. Kwa shule inayolishwa na magunia ya wazazi, hiyo ya mwisho ndiyo ya kwanza.

Tulifungua stoo pamoja na afisa afya wa kata. Magunia yalikuwa yamelala juu ya saruji tupu na kuegemea ukuta unaopigwa na mvua. Dirisha halikuwa na wavu. Kwenye rafu, pakiti za dawa ya kuhifadhia nafaka zimebanana na dumu la mafuta ya alizeti, na chini yake kuna dumu jingine tupu, la njano, lisilo na lebo. Afisa afya alilichukua, akalifungua, akanusa, akauliza ni la kazi gani. Akaambiwa ni la kuongezea mafuta yakija. Akauliza lilikuwa na nini kabla ya kufika hapa. Hakuna aliyejua. Akaomba msumari na jiwe, akalitoboa palepale pande mbili, akaturudishia.

Baada ya hapo niliwasimulia wajumbe habari ya Bihar, India. Tarehe 16 Julai 2013, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Saran, watoto 23 wa shule ya msingi walifariki baada ya kula chakula cha mchana cha shule. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamechanganyika na kiuatilifu cha shambani kiitwacho monokrotofosi, na inaaminika yaliwekwa kwenye chombo kilichowahi kubeba dawa hiyo. Habari zilizotoka baadaye zilieleza kwamba mpishi aliona mafuta hayako sawa, akasema, na akaambiwa aendelee kupika.

Hapo ndipo lilipotoka azimio ambalo kwangu ndilo moyo wa mradi huu, kuliko kifaa chochote tutakachonunua. Limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao: mpishi mkuu akisema hiki hakipikwi, hakipikwi. Mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati, mtendaji wa kijiji, yeyote mwenye maoni tofauti atayatoa baadaye. Siku hiyo watoto watakula kingine, na kama hakuna kingine wataruhusiwa mapema. Mwalimu mkuu aliweka sahihi wa kwanza. Mpishi wetu mkuu, mama wa makamo ambaye amepikia shule hii tangu wazazi wa baadhi ya watoto hawa wakiwa darasani, aliuliza swali moja tu: "Na posho yangu siku hiyo?" Tukaandika pia: posho inabaki palepale.

Juni: meza ya mapokezi

Mavuno yameingia na michango imeanza kuletwa. Zamani mzazi alifika na gunia, karani akaandika jina, gunia likaingia stoo. Sasa kuna meza chini ya mti nje ya stoo, na wanaokaa mezani ni mpishi mkuu, mjumbe mmoja wa kamati na mimi. Kila gunia linafunguliwa.

Kipimo chetu cha kwanza ni chupa na chumvi, nacho nawasihi walimu wenzangu wakijaribu kwa sababu hakigharimu kitu. Chupa iwe ya kioo, kavu kabisa, yenye kifuniko. Chumvi nayo ianikwe juani hadi iwe inamwagika bila kushikana. Unatia mahindi kama robo ya chupa, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, unafunga, unatikisa kwa dakika moja na kuiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, hayafai kuhifadhiwa. Chumvi ikirudi chini yote na kioo kikabaki safi, mahindi yako chini ya hapo.

Kasoro yake ni kwamba kiwango salama cha kuhifadhia ni asilimia 13.5. Kati ya 13.5 na 15 kuna mahindi yatakayopita kwenye chupa ilhali bado hayajakauka vya kutosha. Kwa hiyo yote tunayoyapokea, hata yaliyofaulu, tunayaanika tena juu ya turubai, na bwana shamba wa kata anapopita na mashine yake ya kupimia unyevu tunachukua punje kutoka magunia kadhaa, katikati na chini ya gunia, si juu tu. Turubai si anasa. Kuvu wanaotengeneza sumukuvu wanaishi udongoni, na mahindi yaliyoanikwa chini yanawaokota hapohapo.

Baada ya chupa ni ungo. Akina mama wawili wanapepeta na kuchambua, wanatoa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Kazi hii inachosha na wengine wanaiona ya kupoteza muda. Ukweli ni kwamba sumukuvu haienei sawasawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote. Kuchambua kwa mkono kunapunguza hatari kuliko jambo jingine lolote tunaloweza kulifanya hapa kijijini. Hata hivyo punje yenye sumu si lazima ionekane na ukungu, ndiyo maana ukavu unatangulia na macho yanafuata.

Jambo gumu la mwezi huu halikuwa la kisayansi. Babu mmoja analea wajukuu watatu wanaosoma hapa. Alileta debe lake kwa baiskeli, na gunia lilipofunguliwa harufu ilitangulia kabla ya macho. Kulikuwa na ukungu wa kijani kwenye mafungu ya punje zilizoshikana. Mpishi alisimama, akampisha kiti, akasema:

"Babu, shikamoo. Haya siwezi kuyapokea."

"Yana nini? Nyumbani ndiyo tunayokula."

"Ndiyo maana naogopa, babu. Naomba na nyumbani msiyale."

Hilo hatukuwa tumelifikiria kikaoni. Ukilikataa gunia bovu, linarudi nyumbani, na wale watoto uliotaka kuwalinda saa saba mchana wanalila saa mbili usiku. Tuliitisha kamati siku ileile. Tumekubaliana hivi. Mahindi yaliyo na unyevu tu, yasiyo na ukungu, yanaanikwa hapa shuleni kwa gharama yetu na mwenye nayo hadaiwi kitu. Yaliyoota ukungu yanabaki shuleni na kufukiwa shimoni, na kaya hiyo inahesabiwa imechangia. Itakachokosa kwenye debe itakileta kwa kuni, kwa siku za kazi, au kwa mtama na uwele ambao kwa kawaida hauathiriki na sumukuvu kama mahindi na karanga. Mtu aliuliza kama yale mabovu yanaweza kupewa kuku. Hapana. Sumu inawaua kuku vilevile, na ng'ombe akila inatokea kwenye maziwa.

Kilichobaki ni nyumba ya yule babu. Mwenyekiti wa kijiji amelichukua suala hilo na kaya hiyo imepata mahindi kutoka kwa majirani. Naliandika hapa kwa sababu mwalimu atakayeweka meza ya mapokezi bila kujipanga kwa hilo ataumiza watu.

Julai: stoo mpya, na mabishano ya dona

Muhula umeanza. Fundi ametengeneza chaga za mbao, magunia yako juu ya chaga na hayagusi ukuta. Mtu anaweza kupita nyuma yake na tochi. Dirisha lina wavu, mlango umepigiliwa bati chini panya asitafune. Dawa za nafaka zimehamishwa kabisa hadi kwenye kabati lenye kufuli kwenye jengo jingine. Mafuta yanabaki kwenye dumu lililotoka dukani likiwa na lebo yake, na dumu likiisha linatobolewa kama alivyotufundisha afisa afya.

Sehemu ya mahindi tumeiweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Wadudu hukosa hewa wakafa na dawa haihitajiki. Angalizo: mfuko huo haukaushi mahindi. Ukifunga mahindi mabichi ndani yake umeyafungia na unyevu wake, na utayafungua yameoza.

Kila mfuko una namba, na namba imeandikwa kwenye daftari la jiko pamoja na jina la kaya na tarehe ya kupokelewa. Mpishi akifungua mfuko anaandika siku. Likitokea la kutokea tutajua watoto walikula kutoka mfuko upi. Nchini Japani shule huhifadhi kwenye friza sampuli ya kila mlo kwa wiki mbili. Huko walipata fundisho kubwa mwaka 1996 katika mji wa Sakai, watoto wa shule kwa maelfu walipougua bakteria aina ya E. coli O157 kupitia chakula cha shule. Sisi hatuna friza, na jokofu la zahanati ni la chanjo, halitakiwi kuwekwa chakula hata kwa saa moja. Daftari ndilo tuliloweza.

Sasa dona. Wataalamu wa lishe wanatuhimiza tusage dona, na wana sababu za kweli: kiini na ganda la mahindi vina protini, vitamini na nyuzinyuzi ambazo sembe imezipoteza. Lakini sumukuvu nayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa kunaipunguza. Kwa hiyo mwalimu anasimama katikati ya ushauri wawili wenye nia njema. Uamuzi wetu ni kwamba dona inasagwa kutoka kwenye mifuko tuliyoichambua wenyewe na kuthibitisha ukavu wake kwa mashine. Yakitokea mahindi tusiyo na uhakika nayo, yanakobolewa, au hayaliwi kabisa. Sikubaliani na wanaosema dona ni dona tu, wala na wanaoogopa dona yote. Dona inafaa pale mahindi yake yanapojulikana.

Uji wa lishe umetusumbua kuliko dona. Akina mama walikuwa wakileta unga uliokwisha kusagwa: mahindi, karanga, soya, mchele, vyote pamoja. Karanga ni zao jingine linalopendwa na kuvu hao, na ukishazisaga huwezi tena kuchambua chochote. Mpishi alitumia haki yake kwa mara ya kwanza hapo. Alikataa unga wote uliosagwa nje, mbele ya kina mama ambao baadhi ni shoga zake wa miaka mingi. Sasa karanga zinaletwa zikiwa punje, zinachambuliwa hapa, zilizosinyaa na kubadilika rangi zinatolewa, kisha tunapeleka mashineni sisi wenyewe.

Agosti: maji, mikono, sahani

Maji ya shule yanatoka kisimani. Yanachujwa kwa kitambaa safi yakiwa na tope, yanatiwa dawa ya maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, na hayatumiki hadi nusu saa ipite. Tenki lina bomba. Hakuna tena kuchota kwa kikombe.

Vibuyu chirizi tulikuwa navyo tangu zamani, madumu ya lita tano yaliyoning'inizwa kwenye miti, kamba na kijiti cha kukanyagia. Shida ilikuwa mahali vilipokaa. Mtoto alinawa darasani kwake, akatoka, akacheza mpira wa makaratasi akisubiri zamu, akafika kwenye chakula na vumbi lilelile. Tumevihamishia kwenye mdomo wa foleni ya chakula, na vingine kwenye njia ya kutoka chooni. Ukishanawa, hatua inayofuata ni upawa. Sabuni ya kipande ilikuwa inapotea kila siku, kwa hiyo tunatumia sabuni ya unga iliyoyeyushwa ndani ya chupa ya maji, kifuniko kimetobolewa.

Nilisimama kando ya foleni siku moja nikaangalia sahani badala ya mikono. Kila mtoto huja na yake kutoka nyumbani, ndani ya mfuko pamoja na madaftari. Wasio na sahani huazima. Msichana wa darasa la pili alikula makande yake kwa haraka, akaifuta sahani kwa pindo la sweta, akampa rafiki yake aliyekuwa amesimama nyuma yake akimsubiri. Rafiki akala, naye akaifuta, akampa wa tatu. Mmoja akiwa na kuhara, sahani hiyo imeshapita kwa watatu.

Sasa sahani zinabaki shuleni, na kamati imenunua za wasio nazo. Zinaoshwa kwenye mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuzia, na la mwisho la maji yaliyotiwa dawa. Kisha zinapangwa kwenye kichanja juani zikauke zenyewe, hakuna kitambaa cha kufutia. Wanafunzi wa darasa la tano na la sita wanafanya kwa zamu, wavulana kwa wasichana. Kulikuwa na mzazi aliyelalamika mwanawe wa kiume kuoshea watu vyombo. Mwalimu mkuu alimjibu kwa upole kwamba mwanawe naye anaoshewa.

Septemba: kambi ya darasa la saba

Wiki za kabla ya mtihani, darasa la saba hulala shuleni na kula usiku. Kwa miaka mingi chakula chao cha usiku kilikuwa makande yaliyobaki mchana, na yakibaki tena, asubuhi. Sufuria lilifunikwa vizuri, likaachwa jikoni, likapashwa moto. Kila mtu aliona huko ni kubana matumizi.

Sufuria kubwa la makande halipoi kama sahani. Katikati linabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na kati ya nyuzi joto 5 na 60 ndipo bakteria wanapozaana. Wapo wanaotengeneza mbegu ngumu zinazostahimili kuchemka: jiko linapozimwa na chakula kikafika kwenye uvuguvugu, mbegu zinaamka. Kwenye wali wapo wengine wa aina hiyo ambao sumu yao haiondoki hata ukiupasha ukachemka. Kufunika sufuria kunazuia inzi, hakuzuii hilo.

Kanuni yetu mpya ni fupi, kwamba shuleni hakuna kiporo. Ili isiwe kanuni ya kumwaga chakula, tulibadilisha hesabu. Zamani mpishi alipima kwa idadi ya walioandikishwa. Sasa kiranja wa kila darasa anapeleka mahudhurio jikoni asubuhi mara baada ya kuitwa majina, na mpishi anapima kwa waliopo. Kinachobaki kinagawiwa nyongeza palepale kikiwa cha moto. Darasa la saba wanapikiwa chakula chao cha jioni, sufuria dogo. Kuni zimeongezeka kidogo kwa hilo, nasi tumezifidia kwenye maharage.

Maharage yanalowekwa usiku kucha, maji ya kuloweka yanamwagwa, yanapikwa kwa maji mapya. Yanaiva mapema zaidi na magadi hayahitajiki, jambo jema kwa sababu magadi huharibu baadhi ya vitamini. Lakini lazima yachemke kwa nguvu. Maharage, hasa mekundu, yakiwa mabichi yana sumu yake ya asili inayoleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Kuyachemsha kwa nguvu kunaivunja, kuyaacha kwenye moto mdogo hakuivunji. Kuni zikiwa chache kishawishi ni kupunguza moto tangu mwanzo. Mpishi wetu sasa anaanza na moto mkali, makande yanatokota sawasawa, ndipo anapopunguza.

Oktoba: afya ya wapishi, na mama zetu wa getini

Wanaoshika chakula wanatakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita. Walikuwa wakijilipia kutoka kwenye posho ambayo tayari ni ndogo, kwa hiyo vipimo vilikuwa vinachelewa. Kamati imechukua gharama hiyo. Zaidi ya kipimo, mimi naiogopa siku ya kawaida kati ya kipimo na kipimo, ambapo mpishi ameamka anaharisha. Kama asipokuja hapati chochote, atakuja, na atanyamaza. Tumeandika kwamba mpishi akiumwa tumbo, akitapika au akiwa na kidonda mkononi anabaki nyumbani, harudi jikoni hadi siku mbili zipite tangu dalili ziishe, na posho yake haikatwi. Kuna wapishi wawili wa akiba wamefundishwa. Haki hii imekwishatumika, na aliyeitumia alituma ujumbe mapema alfajiri bila hofu. Hilo limenifurahisha sana.

Getini wanakaa mama zetu wa maandazi, mihogo ya kukaanga, ubuyu, karanga na barafu. Wajumbe wengine walitaka wafukuzwe. Nilipinga. Wakifukuzwa watahamia nyuma ya uzio, na watoto watawafuata huko tusikoona. Isitoshe ni wazazi wa shule hii. Tuliwaita, tukakaa nao pamoja na afisa afya. Barafu ndiyo ilikuwa shida kubwa, kwa kuwa maji yasiyotibiwa yakigandishwa vijidudu havifi, vinasubiri. Tumewaruhusu wachote maji kwenye tenki letu lililotiwa dawa. Nao wamekubali vyakula vifunikwe, maandazi yachukuliwe kwa koleo badala ya mkono ulioshika fedha, na karanga zichambuliwe. Mmoja wao alisema hakuna aliyewahi kuwaita kuzungumza, kila mara ni kufukuzwa tu.

Desemba: mvua

Shule imefungwa na mvua zimeanza. Huu ndio wakati stoo inaposahauliwa: mlango umefungwa, joto, unyevu, hakuna anayeingia. Mlinzi na mjumbe mmoja wa kamati wanaifungua kila wiki. Walikuta bati moja linavuja, kwa bahati nje ya mstari wa chaga, likazibwa. Chini ya magunia ya kawaida kulikuwa na unga mwembamba, dalili ya dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka. Magunia hayo yalitolewa, yakapepetwa, yakaanikwa siku ya jua, yakachambuliwa upya. Mifuko isiyopitisha hewa iko salama, isipokuwa mmoja uliotafunwa na panya, nao umetengwa.

Januari: tulipofika

Stoo, maji, sahani na kanuni ya kiporo vinakwenda bila kusukumwa. Kuchambua kunahitaji kusukumwa kila mwezi, kwa sababu ni kazi ya bure na watu wamechoka. Napendekeza walioifanya mwaka mzima wasamehewe mchango wa fedha.

Kilichobaki ni kikubwa kuliko uwezo wa shule. Kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na 5 kwa ile aina kali zaidi, B1. Chupa ya chumvi, ungo na pua ya mpishi haviwezi kuona kiasi hicho. Kinahitaji kipimo. Kazi ya usalama wa chakula iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, na maafisa afya wa halmashauri wanaweza kuchukua sampuli. Tumeandika barua kuomba stoo za shule ziingizwe kwenye ratiba ya kuchukua sampuli kabla ya Julai kila mwaka, siyo yetu peke yake, za tarafa nzima. Nawaomba walimu wa chakula wa Kondoa na Chemba waandike barua kama hiyo. Shule moja ikiomba inasahaulika mezani.

Wiki iliyopita mpishi mkuu alitumia tena haki yake. Mfadhili mmoja alileta magunia ya maharage, picha zikapigwa, hotuba ikasomwa. Mpishi alifungua gunia, akachota konzi mbili kwenye ungo, akaona unga wa dawa uliozidi na punje zilizotobolewa. Aliomba msamaha mbele ya mgeni, akasema hayatapikwa leo. Mwalimu mkuu alisimama upande wake. Maharage yametengwa, afisa afya amechukua sampuli, mfadhili ameelezwa na amekubali kuyabadilisha. Watoto walikula makande kutoka mfuko tuliojua namba yake.

Kikao cha Februari kina ajenda mbili: jiko banifu, ambalo sasa ni zamu yake, na kununua mashine yetu ya kupimia unyevu kabla mahindi mapya hayajaanza kuletwa.